Kupima Thamani ya Mchezaji: Hesabu za Mabadilishano katika Mpira wa Magongo wa Barafuni

Katika mpira wa miguu, msomaji amezoea kusikia kwamba klabu moja imemnunua mchezaji kutoka klabu nyingine kwa fedha. Mwaka 2017 klabu ya Paris Saint-Germain ililipa Euro milioni 222 ili kumpata Neymar kutoka Barcelona. Kiasi hicho kilitangazwa duniani kote, na kila mtu akaelewa, au akadhani ameelewa, thamani ya mchezaji huyo. Lakini katika mpira wa magongo uchezwao juu ya barafu huko Kanada na Marekani desturi ni nyingine. Katika ligi yao kuu, National Hockey League, iliyoasisiwa mjini Montreal mwaka 1917, aghalabu timu hazinunuliani wachezaji bali hubadilishana. Mshambuliaji hutolewa, na badala yake hupokewa beki mmoja pamoja na kijana asiyejulikana, au haki ya kuchagua kijana mwingine ambaye pengine bado yuko shuleni. Ni biashara ya kitu kwa kitu, kama zamani chumvi ilivyobadilishwa kwa nafaka.

Hapo ndipo lilipo swali la kisayansi. Bei ya fedha, hata ikiwa ya kupotosha, ni kipimo kimoja ambacho kila mtu aweza kukisoma. Pasipo bei, hapana budi kila upande ujitengenezee mizani yake. Mizani hiyo hutengenezwaje, na kwa nini hukosea mara nyingi hata mikononi mwa watu waliofanya kazi hiyo maisha yao yote?

Kwanza yafaa mchezo wenyewe ueleweke. Timu huwa na wachezaji sita barafuni kwa wakati mmoja: mlinda mlango, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Hawachezei mpira wa duara bali kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi na kipenyo cha sentimita 7.6, nao huteleza kwa viatu vyenye bamba la chuma kwa mwendo wa kasi mno, kiasi kwamba mchezaji hachezi zaidi ya dakika moja hivi kabla ya kutoka kupumzika na kumpisha mwenzake. Lango lina upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22. Mchezo huu si mgeni kabisa Afrika ya Mashariki: Nairobi timu ya Ice Lions ilianzia katika uwanja mdogo wa barafu wa hoteli ya Panari, na mwaka 2024 Kenya ilipokelewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Lakini mabadilishano yanayoelezwa hapa ni ya wachezaji wa kulipwa wa Amerika ya Kaskazini.

Msomaji mwenye busara atauliza kama ni halali kumpima binadamu kwa mizani. Swali hilo limeulizwa hata huko kwao. Mwaka 1988, Wayne Gretzky, mchezaji mashuhuri kuliko wote wa wakati wake, alipohamishwa kutoka Edmonton kwenda Los Angeles, mbunge mmoja wa Kanada, Nelson Riis, aliitaka serikali iyazuie mabadilishano hayo. Hayakuzuiwa. Kisheria, kinachobadilishwa si mtu bali ni mkataba wake, yaani haki ya timu kupata kazi yake kwa muda fulani na kwa ujira fulani. Tofauti hiyo ni ya kweli, ingawa ni vigumu kuamini kwamba humfariji sana mchezaji anayepigiwa simu mchana na kuambiwa kwamba kesho atakuwa katika mji ulio umbali wa kilomita elfu tatu, huku watoto wake wakiwa katikati ya muhula. Wachezaji wakongwe hujaribu kujikinga kwa kuweka katika mikataba yao sharti la kutohamishwa bila ridhaa yao, na sharti hilo, kama itakavyoonekana, nalo huingia katika hesabu.

Kipimo kilicho wazi kuliko vyote ni mabao. Mchezaji hupewa alama moja kwa kila bao alifungalo, na alama moja kwa kila bao alilosaidia kulitengeneza. Bao moja laweza kuandikiwa wasaidizi wawili. Basi mtu atasema, mwenye alama nyingi ndiye mwenye thamani. Laiti ingekuwa rahisi hivyo! Mabao ni machache na bahati ni nyingi. Kwa wastani, katika mipigo kumi inayofika langoni, mmoja tu au pungufu huingia. Na ichukuliwe kwamba mshambuliaji fulani amepiga mipigo 800 katika misimu iliyopita akafunga mabao 88, yaani asilimia 11. Msimu huu amepiga mipigo 200 na kufunga mabao 31, yaani asilimia 15.5. Magazeti yanamsifu, na timu jirani iko tayari kutoa wachezaji wawili ili impate. Je, amekuwa mpigaji bora zaidi?

Mwanafunzi wa kidato cha tano aliyesoma uwezekano aweza kujibu mwenyewe. Kwa uwezo wa asilimia 11, mipigo 200 ingetazamiwa kuleta mabao 22. Mtawanyiko wake hupatikana kwa kutafuta kipeuo cha pili cha 200 × 0.11 × 0.89, ambacho ni 4.4 hivi. Mabao 31 yako juu ya matarajio kwa vipimo viwili vya mtawanyiko. Jambo hilo ni nadra kwa mtu mmoja, lakini katika kundi la washambuliaji 400, tisa hivi watafikia hapo kwa bahati tupu, na hao tisa ndio watakaoandikwa magazetini. Kisio la busara ni kuunganisha kumbukumbu zote: mabao 119 kwa mipigo 1,000, yaani asilimia 11.9. Msimu ujao, kwa mipigo 200, yatazamiwe mabao 24. Anayelipa bei ya mabao 31 amenunua bahati ya mwaka uliopita, nayo haihamishiki kwa mkataba. Mwingereza Francis Galton alilieleza jambo la aina hii katika karne ya 19 alipolinganisha vimo vya wazazi na vya watoto wao: watoto wa wazazi warefu kupita kiasi huwa, kwa wastani, warefu pungufu kuliko wazazi wao.

Kwa sababu hiyo wachambuzi wa siku hizi huthamini zaidi idadi ya mipigo kuliko idadi ya mabao, maana mipigo ni mingi na bahati hupungua nguvu pale hesabu inapokuwa kubwa. Kipimo kimojawapo huhesabu mipigo yote ielekezwayo langoni wakati mchezaji yuko barafuni, ya timu yake na ya wapinzani, hata ile iliyozuiwa au kupita kando. Kipimo hicho huitwa Corsi, kwa jina la Jim Corsi, aliyekuwa mwalimu wa walinda milango wa timu ya Buffalo. Hatua iliyofuata ilikuwa kuupa kila mpigo uzito wake. Mpigo wa karibu si sawa na wa mbali, na jometri yaonyesha sababu mojawapo. Mtu aliyesimama mita 5 mbele ya katikati ya lango huliona lango kwa pembe ya digrii 20.7, kwa mita 10 pembe hiyo ni digrii 10.5; kwa mita 20 ni digrii 5.2 tu. Kumbukumbu za maelfu ya mipigo iliyopita huonyesha ni sehemu gani ya mipigo ya kila mahali iliyoingia, na kutokana nazo kila mpigo mpya hupewa uwezekano wake. Jumla ya uwezekano huo huitwa mabao yatazamiwayo.

Sasa lafika fumbo gumu kuliko yote, nalo ni kumtenga mtu na wenzake. Timu ya San Jose ilimpata Joe Thornton kutoka Boston tarehe 30 Novemba 2005, ikatoa Brad Stuart, Marco Sturm na Wayne Primeau. Kufikia mwisho wa msimu huo Thornton alikuwa na alama 125, nyingi kuliko za mchezaji yeyote wa ligi, na kati ya hizo 96 zilikuwa za kuwasaidia wengine kufunga. Mwenzake Jonathan Cheechoo alifunga mabao 56 akaongoza ligi nzima. Ni mabao mangapi kati ya hayo 56 yalikuwa ya Cheechoo, na mangapi yalikuwa ya aliyempasia?

Fumbo hili ni la milinganyo sawia. Iwapo mchango wa mchezaji wa kwanza ni x, wa pili y, na wa tatu z, na ikaonekana kwamba wa kwanza na wa pili wakicheza pamoja timu hupata ziada ya mabao 10, wa kwanza na wa tatu 6, wa pili na wa tatu 4, basi jawabu hupatikana mara moja: x ni 6, y ni 4, z ni sifuri. Lakini iwapo wawili hao wa kwanza hucheza pamoja daima, mwamuzi anabaki na mlinganyo mmoja tu, x + y = 10, hata akiutazama misimu ishirini. Majibu yake hayana mwisho. Haya si mambo ya kubuni. Pacha wawili kutoka Sweden, Daniel na Henrik Sedin, waliochaguliwa na Vancouver mwaka 1999 wakiwa wa pili na wa tatu katika orodha, walicheza bega kwa bega hadi walipostaafu mwaka 2018. Kwa miaka mingi haikuwezekana kujua kwa hakika nani alimbeba nani. Katika msimu wa 2009–10 Daniel aliumia akakosa michezo 19, na Henrik akamaliza msimu huo akiongoza ligi kwa alama 112. Mtu angeweza kusema kwamba jibu limepatikana. Lakini msimu uliofuata Daniel naye aliongoza ligi, kwa alama 104. Timu ambayo ingetaka kumchukua pacha mmoja tu ingekuwa inanunua kitu ambacho hakijawahi kupimwa peke yake kwa muda wa kutosha.

Walinda milango huwasumbua wapimaji kwa namna nyingine. Mlinda mlango wa kwanza wa timu aweza kukabili mipigo 1,600 kwa msimu. Anayezuia asilimia 91 badala ya asilimia 90 huokoa mabao 16 zaidi, na hilo si jambo dogo. Lakini ukikokotoa mtawanyiko wa bahati kwa mipigo hiyo 1,600 utapata mabao 11 hivi. Tofauti kati ya mlinda mlango mzuri na wa kawaida hukaribiana basi na kelele za bahati, na msimu mmoja hautoshi kuwatofautisha. Ndiyo maana watu hawa, ambao huenda wakawa muhimu kuliko mwingine yeyote barafuni, mara nyingi hupatikana kwa bei ndogo katika mabadilishano. Henrik Lundqvist, aliyekuja kuilinda New York Rangers kwa miaka 15, alichaguliwa mwaka 2000 akiwa wa 205.

Kupima yaliyopita hakutoshi, kwa kuwa mkataba ni ahadi ya yajayo. Mshambuliaji huwa katika ubora wake kati ya miaka 24 na 28 hivi, kisha hushuka polepole, na baada ya 30 kwa haraka zaidi. Mpimaji asidanganywe na wazee wachache wanaong'ara wakiwa na miaka 36: hao ndio waliobaki. Wenzao waliochoka wameondoka kwenye orodha, na wastani wa waliosalia huuficha ukweli kuhusu walioondoka. Mwalimu anayefundisha takwimu hatapata kwa urahisi mfano ulio wazi zaidi wa sampuli isiyo ya haki.

Kuhusu haki ya kuchagua vijana, kila mwaka timu hupeana zamu ya kuchagua wachezaji wa umri wa miaka 18 na zaidi kidogo, na zamu hizo zenyewe hubadilishwa kama hundi. Thamani yake hushuka kwa mteremko mkali mwanzoni, kisha mteremko hulegea. Kati ya zamu ya kwanza na ya kumi pana shimo, kati ya zamu ya 100 na ya 110 karibu hapana kitu. Wengi wa wachaguliwao baada ya duru ya kwanza hawapati kamwe nafasi ya kudumu katika ligi. Hata hivyo Detroit ilimpata Pavel Datsyuk akiwa wa 171 mwaka 1998, na Henrik Zetterberg akiwa wa 210 mwaka 1999. Zamu ya mwisho ni tiketi ya bahati nasibu, na tiketi haikosi thamani kwa sababu tu wengi hupoteza.

Tangu mwaka 2005 hesabu zote hizi zimelazimika kupita katika mlango mmoja, ule wa mshahara. Ugomvi kati ya wenye timu na chama cha wachezaji uliufuta msimu mzima wa 2004–05, na mapatano yaliyofuata yaliweka kikomo cha jumla ya mishahara ya kila timu: dola milioni 39 msimu wa 2005–06, nacho kikapanda hadi dola milioni 88 kufikia msimu wa 2024–25. Dola anayolipwa mmoja haiwezi tena kulipwa mwingine. Tangu hapo swali si tena "mchezaji huyu ni hodari kiasi gani?" bali "anazidi ujira wake kwa kiasi gani?"

Mfano utaonyesha tofauti. Kwa kuwa mabao sita hivi ya ziada huleta ushindi mmoja zaidi katika msimu, michango ya wachezaji yaweza kuhesabiwa kwa ushindi, ikilinganishwa na mchezaji wa kawaida awezaye kupatikana wakati wowote kwa mshahara wa chini kabisa. Na ichukuliwe kwamba sokoni ushindi mmoja hugharimu dola milioni 3. Mchezaji A, kijana, huleta ushindi tatu kwa mwaka, wenye thamani ya milioni 9, naye analipwa milioni 4 kwa miaka miwili zaidi. Ziada yake ni milioni 5 kila mwaka; ya mwaka wa pili ikipunguzwa kwa sehemu moja ya kumi kwa ajili ya mashaka ya wakati, jumla ni milioni 9.5. Mchezaji B, maarufu zaidi, huleta ushindi nne, yaani milioni 12, naye hulipwa milioni 12. Ziada yake ni sifuri. Timu inayomtoa A ili impate B imepata mchezaji bora zaidi na imepata hasara. Mashabiki hawapendi kusikia hivyo. Na kama B ana sharti la kutohamishwa, timu yake yaweza kujadiliana na miji miwili au mitatu tu aliyoikubali, na soko la wanunuzi watatu halina bei nzuri.

Kuna kasoro moja ambayo wapimaji wa jumla rahisi huiangukia. Wachezaji wawili wa ushindi mbili mbili si sawa na mmoja wa ushindi nne, maana nafasi barafuni ni chache, na yule mmoja huacha nafasi ya pili ambayo mwingine aweza kuijaza. Senti hamsini mbili hapa hazifanyi shilingi. Kwa kanuni hiyo, upande unaopokea mchezaji mmoja mkubwa kwa kutoa wengi wa wastani ndio wa kupewa hongera.

Lakini kanuni hiyo ilikutana na jaribio lake mwaka 1992. Timu ya Quebec ilikuwa imemchagua Eric Lindros akiwa wa kwanza mwaka 1991, naye akakataa kuichezea. Baada ya mvutano ulioamuliwa na msuluhishi, Philadelphia ilimpata. Ilitoa Peter Forsberg, Mike Ricci, Ron Hextall, Steve Duchesne, Kerry Huffman na Chris Simon, zamu mbili za duru ya kwanza, na dola milioni 15. Lindros hakuwa mzaha: katika misimu minane alifunga mabao 290 na kupata alama 659, na mwaka 1995 alitunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Wapimaji hawakukosea kuhusu uwezo wake. Walichokosa kukipima ni mwili wake. Alipata mitikisiko ya ubongo mara kwa mara, na kati ya michezo 626 ya misimu hiyo alicheza 486 tu. Sehemu ya tano ya thamani aliyolipiwa ilipotea hivyo, na zaidi ya hapo ilipotea afya yake, ambayo haikuwa na safu katika daftari la upande wowote.

Upande wa pili, katika fungu la wengi alikuwamo kijana wa Sweden aliyedhaniwa kuwa nyongeza: Forsberg, ambaye mwaka 2003 naye alitunukiwa tuzo ile ile. Quebec ilihamia Colorado mwaka 1995 na kutwaa kombe la Stanley mwaka 1996, kisha tena mwaka 2001. Kwa zamu mojawapo iliyopatikana Philadelphia, ilikuwa imemchagua mlinda mlango Jocelyn Thibault mwaka 1993. Na Desemba 1995 Thibault alipelekwa Montreal pamoja na wenzake wawili, ili apatikane Patrick Roy, aliyesimama langoni katika makombe yote mawili.